Tangazo la Hewa ya Asubuhi

Tangazo lenyewe niliandika mimi. Bosi alinipa hoja, lakini kuzipanga zikasomeka, kuweka nukta na mkato, na kuchagua herufi za kukoleza, hiyo ilikuwa kazi yangu. Lilisema kwamba wazee, wajawazito, watoto wadogo na wote wenye pumu au maradhi ya moyo wanashauriwa kufanya shughuli zao za nje kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, muda ambao hewa ya mji wetu ni safi kuliko wakati mwingine wowote wa siku. Chini yake uligongwa muhuri wa ofisi, wa buluu, umekaa sawasawa.

Mama mkubwa alilipenda mno. Alilibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku mbili, na kila jirani aliyekuja kuomba maji ya baridi alionyeshwa tangazo kwanza, ndipo akapewa maji.

"Huyu mwanangu ndiye anayepima hewa ya mji mzima," alikuwa akiwaambia. "Chuo miaka mitatu. Msimwone kimya."

Kwa kweli mimi sikupima chochote. Aliyepima ni mashine. Ilikaa kwenye chumba kidogo cha zege nyuma ya jengo letu, hatua chache kutoka barabara kuu ya malori. Chumba kilikuwa na kiyoyozi na mlango mzito uliozungushiwa mpira pembeni ili vumbi lisiingie, na sisi wafanyakazi tulivua viatu tulipoingia, jambo ambalo wengine wetu hatukulifanya hata nyumbani kwetu. Juu ya paa lilichomoza bomba lenye kofia ya bati, kama sufuria iliyofunikwa kifudifudi, na humo ndimo mashine ilimovutia hewa. Mimi niliingia kazini saa mbili kamili. Saa mbili na robo nilisoma wastani wa vumbi la hewani kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili, nikauandika kwa chaki kwenye ubao ulioko getini, kisha nikautuma kwa simu zahanati na redioni. Chini ya hamsini niliandika kwa chaki ya kijani, hamsini hadi mia kwa manjano, na zaidi ya mia kwa nyekundu. Kwa nini saa hizo mbili tu? Kwa sababu redio husoma habari saa mbili na nusu na ilitaka namba mbichi.

Na namba zilikuwa nzuri. Thelathini na moja. Ishirini na nane. Thelathini na tano, siku ambayo kulikuwa na upepo. Baada ya saa mbili mashine ilianza kupanda, ikifika saa nne inasoma mia na ushee, lakini saa nne redio ilikuwa inapiga muziki.

Bosi wetu tulimwita Mtaalamu, na yeye alijiita hivyo pia. Mtu mwingine angejiuliza imekuwaje barabara inayopitisha malori mia moja alfajiri iwe na hewa kama ya mlimani. Naye alijiuliza, tusimwonee. Alijiuliza kwa mwaka mzima, kisha akajijibu kwa kurasa ishirini na mbili zenye michoro ya rangi: ubaridi wa alfajiri, aliandika, unalilaza vumbi chini, na jua linapolipasha ndipo linaamka. Kurasa hizo zilimpatia mwaliko wa kwenda kuzungumza kwenye semina kubwa ya wataalamu wenzake. Alishona suti. Lile tangazo lilitoka humo humo kwenye zile kurasa, na zahanati ililipokea kwa mikono miwili. Foleni ya wajawazito, ambayo zamani ilikaa ndani saa tatu, ilihamishiwa nje, kwenye benchi la kando ya barabara, saa kumi na mbili na nusu, ili mama na mtoto wafaidi pamoja.

Mama mkubwa ni dada yake marehemu mama yangu, na ndiye aliyenilea. Alishona nguo za watu miaka thelathini, na pumu alikuwa nayo tangu utotoni, lakini waliishi pamoja kwa adabu: yeye alijua aina za siku zinazomchokoza, nayo haikumvizia. Alikuwa na pampu yake ya dawa kwenye mkoba na aliitumia mara moja moja, kama mtu anayeweka chumvi. Tangazo lilipotoka, alianza kutembea. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa mlangoni, raba nyeupe, gauni alilolipiga pasi, mkoba begani. Alikwenda kwa kufuata barabara kuu hadi mzunguko wa magari, akarudi. Alisema ni lazima mtu wa nyumba yetu aonekane anafuata ushauri.

Wiki ya kwanza alirudi amechoka, akasema ni raba. Wiki ya tatu alisema ni uzee. Kufikia mwezi wa pili hakusema kitu. Nikiwa napiga mswaki nilimsikia akifungulia bomba la bafuni likatiririka dakika kumi, na bili ya maji ilipokuja juu nikadhani bomba linavuja. Nilikwenda kulikagua. Ndipo niliposikia, chini ya mlio wa maji, kifua chake kikipiga filimbi. Alikuwa anafungulia maji ili nisimsikie akikohoa.

Nilimuuliza kupitia mlangoni kama yuko salama. Akasema yuko salama, anafua leso.

Kumbe alikuwa anaona aibu. Ofisi ya mtoto wake inasema hewa ni safi, halafu yeye, katikati ya hewa hiyo safi, anabanwa. Jirani yetu wa mkono wa kushoto, ambaye mtaa mzima tunamwita Redio kwa sababu hana swichi ya kuzimia, alikuwa ameshatamka uwani kwamba mama mkubwa anadeka. Hewa namba thelathini na moja, ya kijani, imetangazwa, mtu bado anahema. Nesi wa zahanati hakuwa na maneno makali kama ya Redio, lakini alifika palepale. Alimpima, akafungua simu, akatazama namba niliyomtumia mwenyewe asubuhi hiyo, akamwambia kwa upole kwamba kwa hewa ya namna hii kifua hakina sababu ya kubana, labda apunguze wasiwasi. Mama mkubwa alimwomba radhi.

Jumanne moja nilikuwa napiga pasi sketi yangu simu ikalia. Alikuwa fundi viatu wa pale mzungukoni. Aliniambia nije, mama yangu amekaa kwenye kigoda chake na hawezi kuongea.

Nilimkuta mabega yake yanapanda na kushuka kama mtu anayepiga pampu ya baiskeli, midomo imekuwa na rangi ya zambarau, macho yananitazama kwa kunihurumia mimi. Malori yalipita nyuma yetu, moja baada ya jingine, na kila moja liliacha wingu lake kabla la mwenzake halijatulia. Fundi viatu alikuwa anampepea kwa soli ya kiatu. Nilifungua mkoba. Pampu ilikuwa humo, haijaguswa. Nilimpa, akavuta, akavuta tena, na nilipomuuliza kwa nini hakuitumia mapema alijibu neno moja moja, akipumzika katikati.

"Saa. Yenyewe. Ndiyo hii."

Aliona haifai kutumia dawa ya hewa mbaya ndani ya saa za hewa nzuri.

Zahanati walimfunga kikombe cha plastiki puani, mashine ya mvuke wa dawa ikaanza kunguruma. Benchi la nje lilikuwa limejaa wajawazito wakifaidi. Nesi alikuja na kadi akauliza mgonjwa alitoka nyumbani saa ngapi, maana wengine hawafuati maelekezo, wanatoka saa nne halafu wanalaumu. Mama mkubwa alinyanyua vidole kumtetea mtoto wake: kumi na mbili na nusu. Nesi alitikisa kichwa. Saa sahihi kabisa. Kwenye sehemu ya chanzo akaandika "hakijulikani."

Kadi yake ya bima ilikuwa kwenye droo yangu ofisini. Nilitoka mbio kuifuata, na hivyo ndivyo nilivyofika kazini saa moja na dakika ishirini, saa ambayo katika miaka yangu miwili pale sikuwahi kuiona nikiwa ofisini.

Mlinzi wetu alikuwa juu ya ngazi. Tulimwita Babu Mpira, kwa sababu ya mpira wa maji ambao hakuuacha mkononi: alinyweshea maua, akaosha ngazi, akamwagia uwanja. Asubuhi hiyo uwanja wote unaozunguka chumba cha mashine ulikuwa umelowa vizuri, vumbi limetulia kama zulia. Yeye mwenyewe alikuwa amefika kwenye kofia ya bati. Mkononi alikuwa na taulo la kuogea lililoloweshwa, kunjo nne, analizungusha kwenye kofia, analikaza kwa kamba ya mpira, taratibu, kama mtu anayemwekea mtoto mwenye homa kitambaa cha maji kwenye paji la uso.

Nilimwamkia. Aliitikia bila kugeuka, akasema leo nimewahi.

"Babu, unafanya nini?"

"Namfunika kidogo."

Alishuka, akajipangusa, akanieleza kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu angelifanya. Siku mashine ilipoletwa, Mtaalamu alisimama palepale akawaambia wote kwamba chombo hiki ni dhaifu, ndani kina karatasi laini kama mapafu, vumbi likizidi kinakufa, na kikifa hakuna kingine. Yeye Babu ndiye mlinzi. Sasa, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili malori yanapita mpaka huwezi kuliona geti ukiwa umelishika. Akajiuliza, kama ni kulinda, je, siyo saa hizo? Alileta taulo lake la nyumbani. Analichovya, analikamua, analifunga, na ikifika saa mbili kasoro dakika tano analitoa, kwa sababu Mtaalamu hapendi kuona matambara. Hajakosa hata siku moja. Hata siku aliyomzika kaka yake alipita kwanza kumfunika.

Akanisogezea ndoo nione. Maji ya kusuuzia taulo la jana yalikuwa meusi, na juu yake kulikuwa na utando wenye kung'aa.

"Ona angevuta hivi vyote," alisema. "Si angekuwa maiti."

Kisha akakohoa, kikohozi kirefu cha kutoka chini, ameinama ameshika magoti. Nilimuuliza yeye anajifunika nini. Alicheka.

"Mimi sikununuliwa, mwanangu."

Niliingia nikaichukua kadi ya bima, nikatoka nikasimama pale nayo mkononi. Nilifikiria kurasa ishirini na mbili. Nilifikiria ubaridi wa alfajiri unaolilaza vumbi. Nilitaka kukasirika na sikupata wa kumkasirikia, kwa sababu katika ofisi yetu nzima yule mzee ndiye peke yake aliyekuwa amefikiria kwamba hewa ile inaweza kumdhuru mtu, ila tu mtu mwenyewe alikuwa mashine.

Nilipeleka kadi zahanati, nikamwacha mama mkubwa amelala na kikombe chake, nikarudi ofisini. Kwenda kwa Mtaalamu kulinichukua safari tatu: mara ya kwanza niliishia mlangoni, mara ya pili nikaingia nikamuuliza kama anahitaji karatasi za kuchapia. Mara ya tatu nilimwambia. Alinisikiliza bila kunikatiza. Akatoka, akaenda nyuma, akaitazama ngazi, akaitazama ndoo kwa muda mrefu, akarudi, akafunga mlango.

Alisema jambo hili linahitaji umakini. Alifungua kalenda na kuhesabu siku zilizobaki hadi semina: kumi na sita. Alinieleza, kwa sauti ya mwalimu mzuri, kwamba ukweli nao una taratibu zake, na kwamba kuliondoa taulo ghafla kungevuruga mwendelezo wa takwimu. Vipimo vya miaka miwili vimechukuliwa likiwapo. Sayansi haitaki mazingira ya kipimo yabadilishwe ovyo. Kwa hiyo taulo liendelee, ila kitaalamu. Niandike barua ya kuomba taulo mbili mpya za ukubwa uleule, moja ya kutumia na moja ya akiba. Baada ya semina tutakaa tuone.

Nilimuuliza kuhusu tangazo, na watu wanaolifuata. Sauti yangu ilikuwa ndogo hata mimi sikuisikia vizuri. Alisema amesikitika sana kuhusu mama yangu, kwa dhati, akaniuliza ana umri gani, akauandika pembeni ya daftari lake.

"Sawa," nikasema.

Mama mkubwa aliruhusiwa alasiri. Tulitembea polepole, amenishika mkono, akisimama kila baada ya nyumba tatu kujifanya anatazama maua ya watu. Alisema Jumatano atapumzika kama nesi alivyomwagiza. Alhamisi atatoka. Na alikuwa ameshagundua kosa lake, alisema: amekuwa akitoka saa kumi na mbili na nusu, kumbe angetoka kumi na mbili kamili angepata hewa ikiwa bado haijaguswa na mtu.

Nilimwambia asitoke. Nilimwambia namba si za kweli. Nilimweleza habari ya taulo na ndoo, pale pale njiani, na nilidhani atashika kichwa.

Alikasirika. Alinitazama kama siku niliyosema uongo kuhusu mkasi wake nikiwa na miaka saba.

"Usiseme hivyo kuhusu kazi yako," alisema. "Una kazi nzuri, unataka kuiharibu kwa sababu ya kifua changu? Mimi ni mgonjwa, basi. Ule muhuri ni wa nani?"

"Wa ofisi."

"Haya."

Nyumbani alipita jikoni, akalitazama tangazo, akainyoosha pembe moja iliyokuwa imejikunja. Mimi nilikuwa mtoto wake, lakini tangazo lilikuwa na muhuri. Nikajua kwamba Alhamisi saa kumi na mbili kamili atakuwa kando ya barabara, na kwamba hakuna maneno yangu yatakayomzuia, ila namba.

Nilirudi kazini jioni kabla Babu hajamaliza kufunga madirisha. Nilimweleza yote. Sikuwa nimewahi kusema maneno mengi namna ile kwa mkupuo. Nilimweleza kwamba mashine haikuletwa ili iishi, ililetwa ivute hewa tunayovuta sisi na iseme ina nini. Kwamba yeye alipokuwa anaikinga ilikuwa inauambia mji mzima hewa ni safi. Na kwamba mama mkubwa aliamini.

Alikaa chini kwenye ndoo aliyoigeuza. Alisugua mikono yake.

"Miaka miwili," alisema. "Nilidhani namsaidia."

"Ulimsaidia, babu."

"Bosi amekuja hapa mchana. Amenipa mkono. Amesema niendelee vilevile." Alinyanyua mkono wake wa kulia akautazama, na niliona kwamba alikuwa hajapewa mkono na Mtaalamu hata mara moja kabla ya siku hiyo. "Na akifa je? Huyu wa ndani."

"Akifa watanunua mwingine. Mimi mama mkubwa sina mwingine."

Aliniaga vizuri, akaniambia nipite kushoto, kulia kuna maji.

Jumatano niliamka mapema, nikafika kazini saa kumi na mbili na robo. Malori yalikuwa yameshaanza. Uwanja ulikuwa mkavu. Ngazi ilikuwa imelazwa chini kando ya ukuta, na kofia ya bati ilikuwa uchi, imepata mng'ao kwenye mwanga hafifu. Babu Mpira alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha getini, mgongo ameuegemeza ukutani, na lile taulo, limeloweshwa na kukunjwa vizuri, amejifunga mwenyewe puani na mdomoni. Alininyooshea kidole gumba.

Saa mbili na robo mashine ilisoma mia na themanini na saba.

Kwenye droo ya chaki kulikuwa na boksi la nyekundu ambalo halikuwahi kufunguliwa. Vijiti vilikuwa vimeshikana, nikavunja viwili. Niliandika namba ubaoni, saba yangu ikatoka kama moja, nikaifuta nikaiandika tena. Kisha nikatuma redioni na zahanati, na chini yake nikaongeza mstari ambao hakuna aliyenituma: wazee, wajawazito, watoto wadogo na wenye pumu au maradhi ya moyo wakae ndani asubuhi, na wenye dawa wawe nazo karibu, wakibanwa wazitumie.

Nesi alipiga kabla sijaweka simu mezani.

"Dada, mashine yenu imeharibika?"

"Hapana," nikasema. "Imepona."

Mtaalamu naye alidhani imeharibika, au alitamani. Aliita fundi kutoka kampuni iliyoiuza. Fundi alikaa siku mbili, akaifungua yote, akaifunga, akaandika kwamba mashine iko katika hali nzuri isiyo ya kawaida kwa umri wake na kwa eneo ilipo, na kwamba jambo pekee lililomshangaza ni harufu ya sabuni ndani ya kofia. Mtaalamu aliisoma ripoti hiyo akiwa amesimama. Hakumfukuza Babu wala hakunigombeza mimi. Ili atugombeze ingembidi aeleze kosa letu ni lipi. Aliyaondoa matangazo yote mjini, kimya kimya. Siku kumi na nne baadaye alivaa suti yake akaenda semina na kurasa mpya, zenye kichwa kuhusu ongezeko la ghafla la uchafuzi wa asubuhi na jinsi kituo makini kilivyolibaini mapema. Alipigiwa makofi. Cheti chake kiko ukutani, na kwenye kikao cha wafanyakazi alinitaja kwa umakini wangu. Zile taulo mbili ziliidhinishwa, zikaja na hati ya kupokelea. Hakuna aliyethubutu kuuliza ni za nini. Nilimpa Babu.

Lakini mimi nilikuwa naisubiri Alhamisi tu.

Ile Jumatano nilipofika nyumbani, mlango wa friji ulikuwa mtupu. Mama mkubwa alikuwa ameisikia redio. Madirisha ya upande wa barabara yalikuwa yamefungwa, leso imesokomezwa kwenye upenyo wa mlango, na yeye amekaa kitandani na pampu mapajani. Alisema ameitumia mara mbili, saa tatu na saa sita, na amepata nafuu. Alisema hivyo kama mtu anayekiri, akingoja nimwambie kitu. Nilikaa pembeni yake.

"Kumbe si mimi," akasema.

"Si wewe, mama."

"Namba ilisema si mimi." Akafikiri. "Mia na themanini na saba. Hata lori lenyewe lingekohoa."

Alikohoa. Hakukimbilia bafuni. Alikohoa kwa nafasi, mbele yangu, mpaka akamaliza, akajifuta, akaniomba maji. Alhamisi saa kumi na mbili kamili alikuwa kitandani amelala, na mimi nilichelewa kazini kwa sababu nilisimama mlangoni kumsikiliza akivuta pumzi.

Siku zilizofuata alikuwa mgonjwa kwa heshima zote. Redio alikuja kumpa pole, akatangaza kwamba hata yeye anabanwa na kifua, ameanza kubanwa Jumatano, kwenye saa mbili na nusu hivi. Foleni ya wajawazito ilirudishwa ndani. Mama mkubwa alikuwa na kawaida mpya: kila asubuhi hakuinua mguu kutoka kitandani hadi nimpigie simu nimwambie namba, hata kama ni kwenda kuanika kitambaa uwani. Na namba, zikiwa sasa za kweli, hazikumpa ruhusa. Mia na sitini. Mia na sabini na mbili. Hata mchana zilikuwa manjano. Wiki ya tatu alianza kunibembeleza. Aliniuliza kama haiwezi kushushwa hata kidogo, kumi tu. Nikamwambia haishushwi. Akasema mbona zamani mliweza.

Nilicheka, lakini nilipokata simu sikucheka. Nilikuwa nimemtoa kwenye namba moja nikamfungia kwenye nyingine. Nilimweleza mara nyingi kwamba namba ni ya mji mzima, haijui kifua cha mtu mmoja. Siku za manjano kuna saa anaweza kutoka kwa kupitia mtaa wa nyuma, na siku za kijani kifua kikikataa, akisikilize. Alinisikiliza kwa adabu ileile aliyompa nesi. Kisha aliniuliza, kwa hiyo leo ni ngapi?

Halafu ikanyesha mvua siku mbili mfululizo, mchana na usiku, malori yakakwama huko yalikokwama. Ijumaa hiyo saa mbili na robo nilisoma mashine mara tatu. Ishirini na tisa. Kofia ilikuwa uchi, Babu yuko getini, hakuna aliyeifunika isipokuwa mawingu. Sikwenda hata ubaoni. Nilimpigia mama mkubwa kwanza.

Simu iliita sana. Alipopokea nilisikia sauti za watu, na mtu akipunguziwa bei ya kitu.

"Mama, uko wapi?"

"Nimeshatoka, mwanangu. Niko dukani huku, natazama vitambaa."

"Nani amekwambia utoke? Sijakupigia."

"Niliamka nikavuta pumzi, ikafika mpaka chini. Nikavuta tena, ikafika. Nikaona ningoje nini?" Alimwambia mtu ile ya maua madogo, siyo hiyo. Kisha akanikumbuka, akashusha sauti, kwa upole, kama mtu anayemuuliza mtoto wa jirani matokeo yake ya mtihani.

"Na nyinyi huko, leo mmepata ngapi?"

"Ishirini na tisa," nikasema.

"Hongereni," akasema, akakata.